Jina Analibeba Mutoto

Maneno ya timu ya uwanjani kwenye mukutano wa wanamemba, Butembo. Tumeyaandika hapa sawa vile yalisemwa, kwa wanamemba wa Beni na wafadhili ambao hawakufika.



Kwenye programu waliandika kama timu ya uwanjani itaongea juu ya vyeti vya kuzaliwa. Tutaongea juu ya vyeti, musiogope. Lakini tangu tuanze kutembeza meza yetu Butembo, Beni, Oicha na Kasindi, tumeona kama kazi ya cheti inakwama hata mbele ya kufika kwenye tarehe na mashahidi. Inakwama kwa ulizo la kwanza kabisa: mutoto anaitwa nani?

Pale ndipo mama anainamisha kichwa na kusema jina kwa sauti ya chini. Papa anasema jina moja, koko aliyemusindikiza anasema lingine. Mutoto mwenyewe, kama iko na miaka kumi, anataja la tatu, lile wanamuita ku masomo. Na wako wazazi wenye kurudia nyumbani bila kuandikisha, juu wanajua kama mutu wa biro atacheka. Kwa hiyo leo tunataka kuongea juu ya majina yenyewe, zaidi yale ambayo watu hawapendi kuyasikia, na mambo wazazi wenyewe walituambia juu yake. Hatukuja kumufundisha mutu namna ya kuita mutoto wake. Tulikuja kusema tuliyosikia, na kisha kuonyesha njia.

Majina yetu ya kuzaliwa

Tuanzie nyumbani. Kwetu Wayira, jina la kwanza halichaguliwi, linakuja na namba. Kijana wa kwanza ni Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, na Mbusa anakuja nyuma yao. Wabinti nao wako na yao: Masika, Kavira, Kavugho, Katungu, Kahambu, Kanyere, Kahindo. Ukisikia jina, unajua mutu iko wapi kati ya ndugu zake. Ni jina lisilomutukana mutu na lisilomusifu mutu.

Hapa malalamiko ya wazazi ni ya namna ingine. Wanasema: majina haya ni mazuri lakini tuko wengi. Ndani ya klasi moja kuna Kambale sita. Ku liste ya musada kuna Masika ishirini, na mumoja anachukua cha mwenzake, wala hakuiba, wameitwa jina moja na wote wakasimama. Vijana wengine wa muji wanasema wenyewe kama wamechoka na jina la namba. Wazee wanajibu: ukitupa namba, umetupa ndugu zako. Sisi tunasema namba ibaki. Ila jina linalofuata liandikwe lote na lisikatwe, kwa maana ndilo linalomutofautisha huyu Kambale na yule.

Na ndani ya lile jina linalofuata, muzazi anaongea. Namba hatuchagui, lakini jina la pili tunachagua, na pale tunatia furaha yetu, deni letu, kilio chetu, wakati mwingine hata ugomvi wetu na majirani ao na wakwe.

Majina ya mateso

Wote tunayajua. Mateso, Shida, Taabu, Machozi, Matata, Vita, Sikujua. Kuna Safari, mutoto aliyezaliwa watu wakiwa njiani. Si kwetu peke yetu. Kule Tanzania na ku pwani ya Kenya utakuta Mashaka, Shida, Tabu, Matatizo, tena wazee waheshimiwa wenye kubeba majina hayo bila haya. Mahali watu wanasema Kiswahili, mazoea ya kuandika shida ndani ya jina la mutoto ni ya kitambo.

Sababu za wazee tulizisikia namna mbili. Ya kwanza ni ya kuficha. Mama alizika watoto wawili ao watatu. Huyu anayekuja anamupa jina baya, jina la kitu kisicho na bei, ili kifo kimuone si kitu na kipite. Kwa hiyo jina linalosikika kama tusi lilikuwa mapendo, lilikuwa kama blanketi chafu juu ya mutoto. Ya pili ni ya ushahidi. Jambo lilitokea, hakuna mutu aliyeandika, basi muzazi anaandika ndani ya mutoto.

Na kwetu Beni mambo ya kuandika hayakukosekana. Tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji yalianza kuzunguka muji, na watu wa Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vya kando walikimbia mara moja, mara mbili, mara tatu. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Ebola ikatangazwa kutokea Mangina, ikaingia Beni na Butembo, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2,280 walikuwa wamekufa. Watoto walizaliwa ndani ya miaka ile yote. Wengine walizaliwa shambani, wengine ndani ya kanisa wageni walipolala, wengine ng'ambo ya mupaka. Tusishangae majina yao yanasikika vile yanasikika.

Sasa wazazi wanasema nini? Tumewasikiliza sana, na maoni yao tunaweza kuyaweka mafungu matatu.

Fungu la kwanza linasema: jina hili lisiguswe. Mama mumoja aliyerudi upande wa Oicha alituambia: "Bwana yangu hana kaburi. Hii mutoto njo kaburi yake. Mukiniambia nitoe ile jina, munataka nisahau." Hatukuwa na jibu la haraka. Kwa mutu ambaye hakupewa maiti azike, jina la mutoto ndiyo fasi pekee ya kuweka kumbukumbu. Akija mutu wa mashirika na kalamu kumuambia "jina hili si zuri", anaona kama wanamunyanganya mara ya pili.

Fungu la pili linasema: jina linavuta. Ukimuita mutoto Mateso, unayaita mateso kila asubuhi, nayo yanaitika. Wengi wa fungu hili ni watu wa vyumba vya sala, na wengine wamekwisha kubadilisha majina mbele ya pasta: Mateso akawa Baraka, Shida akawa Neema. Lakini kubadilisha kwa sala hakubadilishi karatasi. Mutoto anaitwa Baraka nyumbani, Mateso ku masomo, na siku ya mutihani ya taifa ya mwisho wa primere hajui ni yupi anaitwa pale mulangoni.

Fungu la tatu ni watoto wenyewe, ambao hatukuwa tumepanga kuwauliza, lakini waliongea. Hawakuongea juu ya bahati wala juu ya kumbukumbu. Waliongea juu ya asubuhi, wakati mwalimu anasoma liste: "Vita!" "Iko!" na klasi yote inacheka. Kijana mumoja alisema hapendi kucheza mupira na watoto wa avenue ingine, juu wakimufunga goli wanapiga kelele kama vita imeisha. Ni kitu kidogo kwa mukubwa. Kwa mutoto wa miaka tisa ndiyo maisha yake yote.

Je, jina linamufunga mutu?

Tunaulizwa hili kila fasi. Tunajibu kwa mufano mumoja wenye kila mutu anaujua. Mwanamuziki mukubwa sana wa inchi yetu, Tabu Ley Rochereau, alibeba jina Tabu mpaka alipofariki mwaka 2013, na jina hilo liliandikwa ku diski na ku bango ndani ya Afrika yote na Ulaya. Hakuna aliyesikia Tabu akafikiri shida, walifikiri wimbo. Kwa hiyo hatuamini kama jina peke yake linamuharibu mutu.

Lakini tuliona kitu kingine, na hiki tunaomba mukishike. Watoto wawili wanaweza kubeba jina moja, na mumoja analibeba vizuri kuliko mwingine. Tofauti ni kwamba mumoja alielezwa. Anajua: "Mama alinizaa njiani kutoka Eringeti, akaniita Safari, na watu wa ile kijiji walitupa maji na mihogo." Mwenzake hakuelezwa kitu. Anajua tu kama siku alizaliwa wazazi wake walikuwa na hasira, na anafikiri hasira ile ilikuwa juu yake. Wa kwanza wakimucheka anajibu. Wa pili anaacha masomo.

Angalieni hata jina Matabishi. Kwetu ku soko, matabishi ni kile muchuuzi anachoongeza juu baada ya kupima. Kuna mutoto aliyeitwa hivyo juu wazazi walifikiri wamemaliza kuzaa, kisha Mungu akaongeza. Ni jina la furaha! Lakini tulikuta kijana aliyeamini kama maana yake ni mutu wa ziada, asiyehesabiwa ndani ya nyumba. Jina ni lile lile. Kilichokosekana ni maelezo ya dakika tano.

Wazazi, kabla hamujafikiri juu ya tribinali, fanyeni hilo kwanza. Mukalishe mutoto umuambie jina lake lilitoka wapi. Hakuna anayekuombea hata franka moja.

Majina ambayo hatutayataja

Kuna majina mengine, na hapa tunaongea kwa heshima. Ndani ya familia zetu kuna watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji. Wengine walipewa majina ya kumutaja aliyemutendea mama mabaya, ao ya kusema kama mutoto hakutakiwa. Hatutayataja hapa, kwa maana wenye kuyabeba wako kati yetu.

Kwa majina haya, hatusemi kama tulivyosema juu ya Safari na Matabishi. Hapa maelezo ya dakika tano hayatoshi, na mara nyingi maelezo yenyewe ndiyo kidonda. Mama hana kosa. Alipewa mutoto siku ambayo hakuwa na nguvu ya kumutafutia jina, na pengine hata si yeye aliyelitoa, ni watu wa nyumba. Lakini mutoto hakufanya neno. Kwa jina la namna hii tunawaambia wazi: libadilishwe, na libadilishwe mbele ya karatasi ya kwanza kama inawezekana. Mama asiachwe aende peke yake. Shirika liko na wamama wa kusindikiza. Muwaambie kwa siri, hata kesho.

Majina mapya

Tukitoka ku machozi, kuna malalamiko mengine, ya wazee juu ya vijana. Wazee wanasema: siku hizi munawapa watoto majina gani? Plamedi, Merdi, Glodi, Exaucé. Koko anauliza: "Plamedi njo nani? Alikuwa mutu wa wapi?" Vijana wanaeleza kama ni maneno ya Kifaransa yaliyofupishwa: mupango wa ajabu wa Mungu, asante Mungu, utukufu kwa Mungu. Koko anajibu kama Mungu hajachoka, asikie jina lote.

Tunacheka, lakini kuna jambo la kazi ndani yake. Jina jipya halina namna moja ya kuandikwa. Tulikuta mutoto ambaye ku karatasi ya lopitali iko Merdi, ku masomo iko Merdy, ku kanisa iko Merdie. Kwa masikio ni mutoto mumoja. Kwa kompyuta ni watoto watatu. Kama unapenda jina la namna hii, lipende, lakini uliandike wewe mwenyewe ku karatasi ndogo, kwa herufi kubwa, uende nalo ku biro. Usiache mutu wa biro akukisie.

Mukumbuke pia kama wazee wako na sababu ya kuogopa mutu yeyote anayegusa jina. Wanakumbuka mwaka 1972, wakati wa Zaire, serikali iliposema majina ya Kikristo yaachwe. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko, mapadri wakatishwa kufungwa wakibatiza kwa majina ya kizungu, na Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga ikabidi aende Roma. Watu walioitwa Pierre na Marie walipaswa kuacha yale majina ku karatasi na kutafuta postnomu. Kisha miaka ya 1990 majina ya ubatizo yakarudia. Ndiyo maana leo tunaandika vitu vitatu: nomu, postnomu na prenomu. Muzee aliyebadilishiwa jina kwa amri, usimulaumu akikataa la mujukuu wake kuguswa. Umueleze kwanza.

Walioandikwa ng'ambo

Hili linawahusu zaidi nyinyi muliorudia kutoka Uganda. Mwezi wa saba 2013, Kamango iliposhambuliwa, watu zaidi ya elfu makumi sita walivuka kuingia Bundibugyo kwa siku chache tu. Wengine walipelekwa Kyangwali na kambi zingine, na watoto walizaliwa kule. Wakonzo wa Kasese ni ndugu zetu, luga ni moja, majina ni yale yale, lakini hayaandikwi sawa. Paluku wetu kule ni Baluku. Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Munganga wa kule aliandika alivyozoea, na hakukosea kitu.

Mutoto anarudia na karatasi ya Baluku Peter. Papa anataka Paluku Pierre, juu ndivyo ilivyo nyumbani. Mutoto anasema: mimi ni Baluku, marafiki wote wananijua hivyo. Tena karatasi ya Uganda haina fasi ya postnomu kama ya kwetu, na direkta wa masomo anasema karatasi si kamili. Papa wengine wanachukua kalamu, wanaongeza, wanafuta B wanatia P. Wapapa, tafazali. Karatasi iliyoguswa kwa kalamu imekufa. Mupelekee mutu wa sheria hivyo ilivyo, pamoja na mashahidi wawili wanaomujua mutoto na wazazi, na kubadilisha kufanyike ndani ya karatasi mupya. Kati ya Baluku na Paluku chagueni moja, mutoto akiwa pale, na muifuate ku masomo, ku lopitali na ku liste ya shirika.

Sheria inasema nini

Sasa tufike ku sheria, kwa ufupi, kwa maneno tunayotumia wote.

Kitabu cha sheria ya jamaa ni cha tarehe 1 mwezi wa nane 1987, na kilirekebishwa mwaka 2016. Artikle ya 58 inasema majina yatoke ndani ya utamaduni wa Kikongo, na yasipinge adabu, yasiwe ya kutukana, ya kuzarau wala ya kuchokoza. Kwa hiyo mukiuliza kama Mateso ao Safari inakatazwa, ulizo ni moja: je, inamuzarau mutoto? Jina la huzuni si lazima liwe jina la zarau. Lakini jina linalosema mutoto hakutakiwa, hilo sheria yenyewe inalikataa.

Wengine wanafikiri ni sisi tu serikali inaingia ndani ya majina. Hapana. Ufaransa kuna wazazi waliotaka kumuita binti yao Nutella, jina la ile siagi ya shokola. Muamuzi wa Valenciennes akakataa, akasema mutoto atachekwa, na mutoto akabaki Ella. Fasi mingi wanauliza ulizo lile lile: nani atabeba?

Artikle ya 64 inasema jina likishaandikwa halibadilishwi ovyo, hata herufi zake wala mupangilio wake. Lakini tribinali inaweza kuruhusu kama kuna sababu ya haki, na kuvunja artikle ya 58 ni sababu mumoja wapo. Munaona kama mulango upo.

Na sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inasema mutoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, na kuandikisha ni bure. Siku 90 zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali kusimama fasi ya lile tangazo, na pale njia inakuwa ndefu. Wengi wenu siku 90 ziliwakuta porini. Tunajua. Lakini kwa watoto wanaozaliwa sasa, tusingoje.

Kwa kazi, basi, njia ni hizi.

Kama mutoto bado hajaandikishwa, muzazi iko huru. Jina la ushahidi linaweza kubaki, na pembeni yake ukaweka lingine la kupumzikia: Machozi akawa na Neema, Vita akawa na Amani. Siku atakapokua atachagua mwenyewe ni lipi aite mbele ya watu. Wazazi wengi wa fungu la kwanza walikubali hivyo bila ugomvi, juu hatukuwaomba kutoa kitu, tuliwaomba kuongeza.

Kama amekwisha andikishwa na jina si la zarau, fikirini mara mbili mbele ya kwenda tribinali. Kubadilisha kuna safari, kuna siku za kazi zinazopotea, kuna makaratasi ya masomo ya kufuata kwa nyuma. Pengine maelezo ya dakika tano na neno moja kwa mwalimu yanatosha. Mwalimu anaweza kumuita kwa prenomu. Hakuna sheria inayomukataza.

Kama amekwisha andikishwa na jina ni la zarau, twende tribinali pamoja. Na mutoto mwenye akili ya kusema, aulizwe anapenda nini.

Kwa wafadhili wetu

Tuko na maneno matatu kwenu, na tunayasema kwa shukrani.

La kwanza: kuandikisha ni bure ku karatasi, lakini barabara si bure. Mama wa Eringeti akipanda moto kuja muji, mara mbili ao tatu, pamoja na mashahidi, amekula feza ya mbegu. Vikao vya tribinali vinavyotoka na kwenda kijijini vinasaidia kuliko semina ingine. Mukituuliza feza iende wapi, iende pale.

La pili: fomu zenu ziwe na fasi tatu za jina, na ziwe ndefu. Fomu nyingi zinazokuja ziko na fasi mbili fupi, na ndani yake Masika ishirini wanakuwa mutu mumoja.

La tatu ni gumu kidogo. Ripoti za kuomba musada zinapenda mutoto mwenye jina la huzuni. Picha yake, jina lake Mateso chini, na maana yake kwa Kiingereza. Inagusa moyo wa musomaji, tunaelewa. Lakini mutoto yule atakua, atatafuta kazi, na picha ile itakuwa ingali kule ku intaneti. Musitumie jina la mutoto kama kichwa cha habari. Tukiandika ripoti kwenu tutaeleza shida ilivyo, na majina ya watoto tutayaacha ndani ya faili.

Kumaliza

Wamama na wapapa, mutu akikuuliza kwa nini ulimupa mutoto jina hili, usione haya. Ulipita fasi ngumu na ulisema ukweli wako kwa njia uliyokuwa nayo. Ushahidi wako ni wako. Lakini wewe ulilitaja jina siku moja, na mutoto analibeba siku zote, ku masomo, ku kazi, siku ya ndoa yake. Kwa hiyo naye awe na neno.

Tunaomba kila nyumba ifanye mambo mawili mbele ya mukutano unaokuja. Moja, weka ku meza karatasi zote za kila mutoto, za lopitali, za kanisa, za masomo, za Uganda, uangalie kama jina limeandikwa sawa. Pale halifanani, usifute, uzilete. Pili, muelezee mutoto jina lake. Kama maelezo yanakushinda, njoo uongee na wamama wa shirika kwanza.

Meza yetu itakuwa inje ya chumba hiki mpaka watu wote wamalize, na yule kijana wetu anayeandika hatacheka jina la mutu.